Gitaa la Miguu Mitano

Vijana wa karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimecheka kidogo, maana nilipokuwa nikiyasema kwa mdomo mlikuwa mkipiga randa kwa nguvu ili msinisikie. Lakini sasa nimestaafu na sina wa kumgombeza. Mke wangu keshanambia kwamba nikimsahihisha tena namna ya kupanga masufuria, atanirudisha karakana yeye mwenyewe. Basi naandika. Vyeo sivitaji, na mishahara ndiyo kabisa, kwa sababu mtu mzima hafunui kidonda mbele ya watoto.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Mapinduzi, hapa hapa Mtambile. Karakana ilikuwa banda la mabati lenye meza mbili, jiliwa moja lililokuwa likiuma upande mmoja tu, na msumeno mkubwa ambao kila fundi aliapa kuwa ni wake. Tulitengeneza madawati ya skuli, milango, vitanda, na majeneza ya misikiti. Meneja alikuwepo, tena alikuwa na ofisi na feni, lakini mwenye karakana hasa alikuwa Fundi Mzee Haji, mtu mfupi mwenye kofia ya viua iliyojaa vumbi la mbao.

Siku ya kwanza nilikuja na penseli mbili masikioni, moja kila upande, ili nionekane fundi. Mzee Haji akazichukua zote mbili, akakaa juu ya gogo, akaniambia nimtengenezee kiti. Nikazikimbilia mbao nikaanza kupima. Akaniacha nipime mpaka jasho likanitoka, kisha akaniuliza kama ni yeye atakayekaa juu ya ubao au ubao ndio utakaokaa juu yake.

"Makame," akasema, "humu ndani kila kitu kina mwenyewe. Mlango una mwenyewe, kitanda kina mwenyewe, hata dawati lina mtoto wake. Mpime mtu kwanza, ubao baadaye. Kitu kimoja tu hakina kipimo cha mtu."

"Kipi, Mzee?"

"Jeneza. Lile huenea kila mtu, na hajapata kurudi hata mmoja kulalamika."

Akanipa majeneza. Nadhani aliona ndiyo kazi nisiyoweza kumuudhi nayo mteja. Nikayatengeneza kwa miaka, nikawa hodari hasa wa ile miti ya kubebea inayotokeza mbele na nyuma. Niliisugua kwa msasa mpaka haikumuumiza mtu bega. Misikiti ya kusini yote ilikuwa ikisifu bega laini la Makame, na mimi nikavimba kichwa, nisijue kwamba sifa hiyo itakuja kunitia fedhehani mbele ya umma.

Sasa nije kwa Faki. Faki alikuwa sahibu yangu tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa kikundi chetu cha taarabu. Msimu mmoja wa karafuu tawi lilimkatikia, akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Alipona, alhamdulillahi, ila vidole vya mkono wa kushoto vilibaki vimenyooka, havikunji. Mpiga gitaa asiyeweza kubana nyuzi ni sawa na muadhini asiye na sauti. Wenzake wakifanya mazoezi yeye hukaa nje ya nyumba ya kikundi, kaupa mlango mgongo, na miguu yake inapiga mapigo chini bila ya yeye mwenyewe kujua.

Mchana alikuwa akija kukaa karakana, akinikalia juu ya mbao ninazozitaka.

"Mkono uno, Makame, ushakuwa mwiko," alinambia siku moja. "Uji nakoroga. Gitaa ndo basi tena."

"Subira, Faki."

"Subira nnayo. N'lokosa ni vidole."

Iliniuma, siwafichi. Nilikuwa fundi wa mbao, si wa mifupa, na sikuwa na la kumfanyia.

Dawa ilitokea kwa kinyozi. Tulikuwa tunanyolewa, redio inapiga muziki wa nchi za mbali, mara likatoka gitaa ambalo sauti yake haikuruka kutoka noti moja kwenda nyingine. Iliteleza. Ilipanda na kushuka kama mtu anayelia huku akijizuia. Faki akainuka na povu la sabuni shavuni, akabandika sikio kwenye redio, na kinyozi akabaki na wembe hewani akimwomba Mungu amrudishe mteja salama.

Aliyejua kitu kile ni nini alikuwa Mzee Ngwali wa Mkoani, aliyewahi kuwa mpishi wa meli. Alisema amekiona kwa macho yake katika bandari moja ya ng'ambo. Ni gitaa linalolazwa juu ya miguu kama meza. Mpigaji hukaa kitako, mkono wa kushoto hausukumi kitu ila chuma cha mviringo juu ya nyuzi, na chini kuna pedeli: ukikanyaga, uzi unavutwa na sauti inapanda.

"Vidole havikunjwi?" Faki akauliza.

"Vidole vimenyooka hivi," akasema Mzee Ngwali, akaunyoosha mkono wake vilevile ulivyokuwa mkono wa Faki.

Faki aliutazama mkono wake kama aliyerudishiwa mtoto aliyepotea, na mimi nikajua nimeshaingia kazini. Nikampa Mzee Ngwali chaki atuchoree ukutani mwa karakana. Alichora sanduku refu, nyuzi, pedeli tatu, na miguu mitano. Nilimuuliza mara mbili: mitano? Akasema yeye anachora alichokiona, na kama mimi nilikuwepo nichore mwenyewe. Basi nikatengeneza miguu mitano, na wa tano ukawa upande wa mpigaji, mahali ambapo haukumsaidia mtu wala kitu.

Mbao nilichukua mfenesi, maana ndio unaoimba ukiukwangua vizuri. Sanduku nililiacha wazi ndani kama lile la udi wa taarabu, lisikike bila ya spika, kwa sababu umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha. Pedeli zilitoka kwenye cherehani bovu, vijiti vya kuvutia nyuzi vilikuwa spoki za baiskeli, na springi zilitoka katika kitanda cha meneja, ambacho kililetwa kutengenezwa na hakikurudi na raha yake ya zamani. Kile chuma cha mkononi kilikuwa pini ya pistoni ya lori, laini, nzito, inakaa kiganjani bila ya kuhitaji kidole kukunja.

Jaribio la kwanza Faki alikanyaga pedeli na gitaa likaondoka. Wallahi liliondoka. Kila akikanyaga linasogea mbele, naye anavuta gogo lake analifuata, mpaka wote wawili wakatoka nje ya banda. Jaribio la pili springi iliruka ikachukua kofia ya Mzee Haji. Mzee akaiokota, akaipangusa, akaniuliza nimempima nani kabla ya kukata mbao zile. Nilikuwa nimeupima mchoro wa ukutani.

Nikaanza upya. Nikampima Faki paja, goti, muundi na unyayo, na nafasi kati ya kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata, kwa sababu alikuwa akikanyaga pekupeku na kile kidole gumba kilikuwa na akili yake peke yake. Lilipokamilika likawa zito, refu, na kwa kuwa lilihitaji watu wanne kulibeba, nikalitia miti ya kubebea mbele na nyuma. Nilijua namna moja tu ya kutengeneza kitu kirefu cha kubebwa na watu wanne. Hapo ndipo nilipofanya ujinga, na sikuuona.

Bi Time, mkubwa wa kikundi, alitaka gitaa lifike kwenye nyumba ya kikundi limefunikwa kama biharusi. Akaleta pazia lao la jukwaani, la kijani, lenye nakshi za dhahabu pembeni. Tukalifunika. Mimi na wenzangu watatu wa karakana tukaingiza mabega. Faki akafuata nyuma, kichwa chini, kwa sababu alikuwa na hofu: siku ile angepiga mbele ya kikundi kizima, na kama mkono ungemkataa, hapakuwa na gitaa jingine la kutengeneza. Ilikuwa mchana, watu ndio wanatoka kuswali adhuhuri, na njia yetu ilipita mbele ya maduka.

Kwetu jeneza likipita huulizi kitu. Unasimama, unatia bega, unakwenda nalo hatua zako, mwingine anakupokea. Kumuuliza mtu aliyefiwa "kafa nani?" njiani ni utovu wa adabu, utajua mbele ya safari. Basi muuza duka wa kwanza akatuona, akafunga duka. Wa pili akafunga. Mtu akaja nyuma yangu, akanigusa bega kwa upole, akaupokea mti.

"Pumzika, ami. Mungu akupe subira."

"Ahsante, lakini hili si..."

"Si rahisi, ami, najua. Pumzika."

Kufumba na kufumbua nilikuwa nyuma ya umati, na gitaa langu liko mbele, linakwenda mbio kwenye mabega ya watu nisiowajua. Nikakimbia pembeni, nikajipenyeza, nikashika mti tena. Hatua chache tu, nikapokelewa. Kila nikirudi nikapokelewa kwa upole zaidi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu kafiwa na mtu wa karibu sana, tazama asivyotaka kuliachia jeneza. Wenzangu wa karakana nao walikuwa wameshamezwa na umati. Tukaipita kona ya kukata kwenda nyumba ya kikundi, nikaitazama kwa uchungu ikirudi nyuma. Lori la karafuu likasimama, dereva na utingo wakateremka wakatia mabega. Nikamgeukia Faki anisaidie kusema. Alikuwa ameuficha uso kwa mkono wake ule ulionyooka, mabega yanamtetemeka kwa kicheko, na wazee wawili wamemshika huku na huku wakimwambia alie tu, kulia si dhambi.

Wakaliweka mbele ya msikiti. Safu zikapangika zenyewe. Shehe Khamis, imamu wetu, akatoka, akasimama, akauliza lile swali ambalo imamu lazima aulize ili ajue namna ya kumuombea maiti:

"Mwanamume au mwanamke?"

Watu wakatazamana. Hapo ndipo walipogundua kwamba hakuna hata mmoja anayejua.

"Mwenye maiti nani?" akauliza Shehe. Mikono yote ikanielekea mimi.

"Shehe," nikasema, "ni gitaa."

"Marehemu alikuwa mpiga gitaa?"

"Hapana, Shehe. Marehemu ndiye gitaa. Mpigaji yule pale, yu hai."

Shehe akalifunua pazia pembeni, akaziona nyuzi, akalifunika tena taratibu kana kwamba amemkuta mtu anavaa. Nyuma watu wakaanza kunguruma. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni mzee mmoja muuza pweza, aliyeacha pweza wake motoni. Alisema pweza keshaungua, na alitaka kujua kaungulia nini.

Shehe akainua mkono. "Kila tendo kwa nia yake," akasema. "Nyinyi mlonuia kumsindikiza Muislamu, malipo yenu yako kwa Mungu, hayajapungua kitu. Makame, nia yako weye ilikuwa nini?"

"Kulivusha barabara, Shehe."

"Basi weye huna kitu. Liondoshe mbele ya msikiti."

Tungeweza kuishia hapo, lakini muuza pweza alikataa kwenda zake. Alisema amelibeba, bega lake linamuuma, na hatoondoka mpaka asikie alichokibeba. Wengine wakamuunga mkono. Basi wakaliinua wao wenyewe, wakalipeleka uwanja wa mpira, mbali na msikiti, safari hii wakiwa wamenuna. Wakalisimamisha kati ya uwanja juu ya miguu yake mitano, na Faki akaketishwa kwenye kreti la soda mbele ya watu waliokuja kumzika.

Alivua viatu. Akakiweka kile chuma juu ya nyuzi, kikagonga waya. Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na mtu akasema kwa sauti kwamba afadhali tungelizika. Faki akanitazama. Nikautazama mguu wake. Na yeye naye akautazama. Kidole gumba kikaikanyaga pedeli ya pili, taratibu, na uzi ukapanda ukiteleza mpaka mahali pake, ukakaa.

Akapiga wimbo wa zamani wa harusi, ambao kila mtu pale alioa nao. Gitaa halikuwa na spika, kwa hiyo watu walilazimika kunyamaza na kusogea ili wasikie, wakasogea mpaka wa mbele wakakaa chini. Mkono uliokauka ulikwenda na kurudi juu ya nyuzi umenyooka vilevile, na kila ulichokuwa hauwezi kukifanya mguu ulikifanya. Mimi nililia mbele ya watu, bila ya haya. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, pengine hawakujua kama inafaa baada ya maziko.

"Rudia," akasema muuza pweza.

Kuanzia hapo wapigaji wakanivamia. Walikuja wa Chake, walikuja wa Wete, akaja mmoja kutoka Unguja na mwavuli. Jambo nililojifunza juu ya wapigaji ni kwamba hawapendi gitaa zuri, wanapenda gitaa lao. Kila mmoja nilimpima miguu, na baadhi ya wake zao walikuja kuuliza kuna nini kati ya seremala na mapaja ya waume zao. Mmoja alitaka mahali pa kuwekea kikombe cha kahawa. Mwingine alitaka mbao zifukizwe udi kabla hazijakatwa, akadai anasikia tofauti. Wa Unguja alitaka pedeli ya kushoto iwe nzito makusudi, kwa sababu yeye ni mtu wa hasira na nyepesi angeivunja.

Wote walitaka miguu mitano. Mzee Ngwali alikuja siku moja kutembea, akaliona gitaa, akashangaa, akauliza mguu wa tano ni wa kazi gani. Nikamwonesha mchoro wake ukutani. Akacheka mpaka akakaa chini. Ule wa tano, akasema, ulikuwa mguu wa mpigaji, alimchora mguu mmoja, mwengine chaki ilikwisha. Nikawatangazia wapigaji kwamba sasa ni minne. Walikasirika, wakasema nataka kuharibu sauti. Yule wa Wete aliapa kwamba bila ya mguu wa tano gitaa halilii, linakohoa tu. Nikaendelea kuutia.

Miaka ikapita. Mzee Haji alifariki, Mungu amrehemu, na mimi nikarithi msumeno mkubwa baada ya mabishano. Faki alipiga gitaa lile kwenye harusi za kusini yote, na hakuna wiki aliyokosa kuja kulalamika: leo springi inalia, kesho uzi umelegea, keshokutwa mguu wa tano umekuwa mfupi. Kisha mchwa wakaliingia kwa ndani, na tulipojua, sanduku lilikuwa limeshakuwa ganda tupu. Nilimwambia nitamtengenezea jingine. Lakini mpwa wake, Seif, kijana mzuri aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alipata habari akakataa katakata. Mjomba wangu hapigi masanduku tena, akasema. Akaleta gitaa la kiwandani, jeusi, linang'ara, ndani ya sanduku lenye mahameli.

Nikamuuliza Faki likoje. Akasema halina kasoro. Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, akasema hata kidogo, halina kasoro. Moyo ukanishuka. Mpigaji anayepiga hukosi malalamiko kwake, na Faki nilimjua: kama hana la kulalamikia, basi hapigi.

Nikaenda kwake bila ya kuitwa. Gitaa lilikuwa sebuleni limefunikwa, na juu yake pana birika la chai. Nikamwambia akae nalo nione. Maskini, lilitengenezwa kwa mtu mrefu. Magoti yake hayakufika kwenye vyuma vya pembeni vya kusukumwa kwa goti, pedeli zilikuwa nyembamba za kukanyagwa na kiatu, na kidole gumba chake kikawa kinateleza kama kinachokanyaga sabuni. Tena umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hata alipopatia hatukusikia kitu.

"Seif anakuja kumuoza dada yake," akanambia. "Kashatangaza kwamba n'tapiga lino. Ntamwambiaje? Kwamba mjomba wake kashindwa na kitu chenye mahameli?"

"Nipe ufunguo wa sebule," nikasema, "na usiniulize."

Nikaja na msumeno. Nakiri mkono ulisita mbele ya kitu kizuri kile, lakini miguu ya Faki niliijua zaidi kuliko nilivyoijua bei yake, nikakata. Nikafupisha miguu. Nikabadilisha pedeli nikatia za mbao, pana, nilizozichonga kwa unyayo wake. Vijiti vya chini nikatia spoki. Sanduku la juu lilikuwa chuma kitupu, nikatia la mfenesi. Mwisho kilichobaki cha kiwandani kilikuwa rangi nyeusi ya mbele na jina lake la kung'ara. Faki aliingia, akalizunguka, akanuna.

"Mguu wa tano uko wapi?"

Nikautia.

Siku ya harusi nilikaa nyuma kabisa, karibu na masinia ya biriani, mahali pa seremala. Kikundi kilipanga viti, kipaza sauti kikawekwa mbele ya tundu la mfenesi, na Faki akavua viatu. Nilikuwa siwezi kula. Kama angeshindwa mbele ya mpwa wake na umati ule, najua asingeshika chuma tena, angerudi nje kukaa akiupa mlango mgongo, na safari hii kwa uzee.

Hakushindwa. Kina mama walisimama kabla ubeti wa kwanza haujesha, na vigelegele vikaziba hata sauti ya fidla. Seif alikuwa anatokwa na machozi. Akaenda mbele kumtunza mjomba wake kama ada yetu ilivyo, akatoa noti mpya, akamtia Faki mfukoni, kisha akakishika kipaza sauti.

"Mmesikia nyote?" akasema. "Ndo kazi ya kiwanda hino! Haina mfano!"

Wapigaji wote wakanigeukia mimi. Wa fidla aliinamisha kichwa nyuma ya fidla yake asionekane anavyocheka. Mimi nikatazama biriani. Iliniuma, nisiseme uongo, lakini furaha ya kijana ilikuwa ya kweli na sikuona haki ya kuivunja.

Faki akaweka chuma chini. Akainuka katikati ya wimbo, wenzake wakibaki wanapiga bila yake, akapita pekupeku baina ya viti vya wageni, akaja mpaka nyuma. Akaitoa ile noti ya Seif mfukoni mwake, akaitia mfukoni mwangu mimi, mbele ya watu wote. Nimehudhuria taarabu nyingi, sijapata kuona mpigaji akimtunza seremala. Wanawake wakapiga vigelegele bila ya kujua sababu. Kule mbele Seif alitutazama, akalitazama gitaa, akahesabu miguu yake, kisha akapiga magoti na kanzu yake nyeupe akachungulia chini, kwenye pedeli za mbao na spoki. Akabaki kule chini kwa muda mrefu.

Faki aliniinamia sikioni. Wageni nadhani walidhani ananishukuru.

"Pedeli ya pili inanung'unika, Makame," akasema. "Kesho nakuja, na usijifanye hupo."